Shajara ya mradi: Kiingereza cha wodini na mawasiliano baina ya tamaduni kwa wanafunzi wa uuguzi

Wiki ya 1

Nimekabidhiwa darasa la wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili kwa muda wa wiki 14, na kwa mara ya kwanza somo la Kiingereza linaunganishwa na somo la kuwahudumia wagonjwa wa tamaduni mbalimbali, ambalo hadi sasa lilikuwa likifundishwa peke yake na mkufunzi wa uuguzi. Tutalifundisha pamoja, yeye akiangalia uuguzi na mimi nikiangalia lugha, na shajara hii ni mahali pa kuweka tulichojaribu, kilichofaulu na kilichotushinda, ili atakayelichukua darasa hili baada yetu asianzie sifuri.

Haja ya somo lenyewe haihitaji kutetewa kwa maneno mengi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu hali ya uuguzi, iliyotolewa mwaka 2020, ilihesabu wauguzi milioni 27.9 duniani na kuonyesha kuwa 1 kati ya 8 anafanya kazi katika nchi tofauti na aliyozaliwa au kusomea. Ripoti iliyofuata, ya mwaka 2025, ilifikisha hesabu hiyo milioni 29.8 na kuwataja wauguzi waliozaliwa nje ya nchi wanakofanyia kazi kuwa 1 kati ya 7. Muuguzi asiyesafiri naye hupokea wagonjwa waliosafiri, na mara nyingi Kiingereza wanachokutania si lugha ya mama ya yeyote kati yao.

Mtaala niliourithi una orodha ndefu ya majina ya viungo na magonjwa pamoja na vifungu vya ufahamu. Kabla ya kuugusa nilimwomba mwenzangu anipeleke wodini, nikakaa zamu mbili nzima nikiandika kila kitu ambacho muuguzi hukifanya kwa maneno. Nilitarajia istilahi. Nilichokusanya kwa wingi ni maswali mafupi: linauma wapi, tangu lini, umekula saa ngapi, nikugeuze upande gani, kuna mtu wa kukupeleka nyumbani. Tulikubaliana tangu siku hiyo kwamba hakuna neno wala muundo wa sentensi utakaoingia katika somo kama mwenzangu hawezi kusema ni saa gani katika zamu muuguzi ataulazimika kuutumia.

Wiki ya 2

Badala ya mtihani wa kuandika, tulirekodi maigizo mafupi: mwanafunzi mmoja anakuwa mgonjwa, mwingine anamhoji, kisha anatoa taarifa kwa muuguzi wa zamu inayofuata. Nimesikiliza rekodi zote mara mbili, mara ya pili nikiwa na mkufunzi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu tulichokisikia kimebadilisha mpango wote.

Istilahi za kitabibu hazikuwasumbua sana, kwa kuwa wanazisoma kila siku katika masomo mengine. Walijikwaa kwenye maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kudhani yanafaa kufundishwa. La kwanza ni "he" na "she". Kiswahili kinamtaja mwanamume na mwanamke kwa kiambishi kimoja, na mwanafunzi aliyezoea kusema "amelala" pasipo kujiuliza ni nani hawezi kuanza kujiuliza kwa amri ya mwalimu. Katika taarifa moja iliyohusu wagonjwa wawili wa vitanda jirani, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke, viwakilishi vilibadilishana mara nyingi hivi kwamba mkufunzi, mwenye uzoefu wa miaka mingi wodini, hakuweza kusema ni nani kati yao aliyepanda joto usiku.

La pili ni majina ya viungo vya nje, yale yanayoonekana mepesi. Mkono kwetu ni kuanzia begani hadi vidoleni, na mguu ni kuanzia nyongani hadi kwenye nyayo, ilhali Kiingereza hutenganisha "arm" na "hand", "leg" na "foot", na vidole vya mguu vina jina lao mbali na vidole vya mkono. Mwanafunzi aliandika kidonda cha "leg" kwa mgonjwa wa kisukari ambaye kidonda chake kilikuwa katikati ya nyayo. Muuguzi wa zamu ya pili, akiifuata taarifa hiyo, angekagua muundi na kuukuta mzima.

La tatu ndilo lililonitia hofu. Mgonjwa anayesubiri upasuaji aliulizwa kwa Kiingereza, kwa muundo wa kukanusha, "You haven't eaten since midnight?" naye akajibu "Yes". Mwanafunzi aliyeigiza mgonjwa alifuata kanuni ya Kiswahili, ambapo "ndiyo" hukubaliana na kauli ya aliyeuliza: ndiyo, sijala. Msemaji wa Kiingereza katika hali hiyo angejibu "No", na akisikia "Yes" anaweza kuelewa kwamba mgonjwa amekula. Nilipowauliza wanafunzi darasani maana ya jibu lile, walikuwa wamoja. Nilipowaeleza jinsi daktari mgeni angelielewa, kulikuwa na ukimya mrefu. Hatukuona sababu ya kuwafundisha jinsi ya kujibu maswali ya namna hiyo, maana hata wakijua wao, mgonjwa hatajua. Tumewafundisha kutoyauliza kabisa. Swali sahihi ni "When did you last eat or drink?" na jibu lake ni saa, si ndiyo wala hapana.

Wiki ya 3

Jibu ni saa, na saa nayo ina mtego wake. Anayehesabu kwa Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni 08:00, na anayetafsiri neno kwa neno husema "two o'clock" na kuihamisha dozi kwa saa sita. Wanafunzi wote wanalijua hili wakikaa na kufikiri. Hawalijui wakiwa wamechoka na kuharakishwa, na wodini mtu huwa amechoka siku zote. Tumeamua kwamba ndani ya chumba chetu cha darasa hakuna saa ya aina nyingine ila ile ya tarakimu nne: 0800, 1400, 2200. Kila kipindi kinaanza kwa dakika tano za kusoma ratiba ya dawa kwa sauti, na anayesoma harudii Kiswahili njiani.

Kutoka hapo tuliingia kwenye namba. "Fifteen" na "fifty" ziligeuka kuwa neno moja vinywani mwao, na nadhani sababu yake ni mkazo: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiiweka hapo katika "fifteen" unapata mlio unaokaribia sana "fifty". Zoezi la matamshi lilisaidia kiasi, lakini usalama wa mgonjwa hauwezi kutegemea matamshi, kwa hiyo tukaongeza desturi ya kutaja tarakimu mojamoja, moja-tano au tano-sifuri, na ya msikilizaji kurudia alichosikia kabla ya kukiandika. Mkufunzi aliunganisha hapa kanuni za kuandika dozi ambazo Tume ya Pamoja ya Marekani, inayothibitisha ubora wa hospitali, ilizitoa mwaka 2004 katika orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa: nusu iandikwe 0.5, sifuri ikitangulia, kwa sababu nukta peke yake hupotea machoni na nusu ikasomeka 5. Moja isiandikwe 1.0, kwa sababu nukta ikififia inakuwa 10. Na herufi U isisimame badala ya neno "unit", kwa kuwa hudhaniwa kuwa sifuri. Wanafunzi walizipenda kanuni hizi kuliko nilivyotarajia. Nafikiri ni kwa sababu kila moja ina mgonjwa nyuma yake.

Wiki ya 4

Wiki ya mitihani ya masomo mengine. Tulipata kipindi kimoja tu, tukakitumia kusoma fomu za kupokea mgonjwa na kuzijaza.

Wiki ya 5

Wiki hii nimekosea, na kosa lenyewe lazima liandikwe kwa ukamilifu.

Upande wa utamaduni niliuandaa kama nilivyozoea kuandaa msamiati: jedwali lenye makundi ya watu upande mmoja na mambo wanayoamini kuhusu ugonjwa, kifo, mwili na familia upande mwingine. Lilikuwa jedwali zuri, limepangwa, na wanafunzi walilinakili kwa bidii. Siku ya pili tulifanya igizo ambalo mgonjwa mzee anakataa kuoshwa kidonda na muuguzi kijana. Kadi ya aliyeigiza mgonjwa ilieleza sababu yake: anaona aibu kwa harufu ya kidonda. Mwanafunzi aliyeigiza muuguzi hakuuliza lolote. Alilitazama jina lililoandikwa kwenye kadi, akakumbuka safu ya jedwali langu, akasema kwa Kiingereza kisafi kabisa kwamba anaheshimu dini ya mgonjwa na atamtafuta muuguzi wa jinsia inayofaa, akaondoka. Mgonjwa alibaki na kidonda chake. Darasa lilipiga makofi, kwa sababu lugha ilikuwa safi na adabu ilikuwa kamili, na mimi pia ilinichukua muda kutambua kwamba nilichokifundisha ni njia ya heshima ya kutomsikiliza mtu.

Mkufunzi alinikumbusha makala ya Melanie Tervalon na Jann Murray-García ya mwaka 1998, ambamo walipendekeza unyenyekevu wa kitamaduni uchukue nafasi ya madai ya kuumiliki utamaduni wa wengine. Wanasimulia humo habari ya muuguzi aliyekuwa akimhudumia mwanamke wa asili ya Amerika ya Kilatini baada ya upasuaji. Mwanamke yule alikuwa akigumia kwa maumivu. Daktari, naye wa asili hiyohiyo, alipolitaja jambo hilo, muuguzi alimjibu kwamba amesomea somo la tamaduni na anajua wagonjwa wa jamii ile hudhihirisha maumivu kupita kiasi. Alikuwa amefaulu somo. Nilisoma kisa hicho darasani siku iliyofuata, nikawaomba wanafunzi walichane jedwali.

Kuna ukoo wa mawazo hapa ambao wanafunzi wanastahili kuujua, na tuliupitia bila haraka. Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani, alianza kuona katika miaka ya 1950, akiwahudumia watoto wenye matatizo ya akili, kwamba tabia za watoto zilitofautiana kwa namna ambayo elimu yake ya uuguzi haikuweza kuieleza. Alikwenda kusomea anthropolojia, na uuguzi wa tamaduni mbalimbali kama taaluma ulitokana na kazi yake. Kwa upande wa Nyuzilandi, Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori, aliliendeleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wazo la usalama wa kitamaduni, ambalo linageuza macho kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa muuguzi mwenyewe: muuguzi ajichunguze yeye ni nani, ana mamlaka gani na amekuja na dhana gani, na anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba hilo ni gumu kuliko kukariri. Ni kweli, na sikuwa na la kumwongezea.

Wiki ya 6 na ya 7

Tuliweka maswali pale palipokuwa na jedwali. Arthur Kleinman na wenzake walichapisha mwaka 1978 makala iliyotofautisha ugonjwa kama tabibu anavyoupima na maradhi kama mgonjwa anavyoyaishi, na humo yamo maswali ya kumwezesha mgonjwa aeleze mwenyewe anavyolielewa tatizo lake.  Unadhani tatizo hili limesababishwa na nini? Kwa nini limeanza wakati huu? Limekuzuia kufanya nini? Unaogopa nini zaidi?

Kwa mwalimu wa lugha maswali haya ni hazina. Yote ni ya wazi, yote yana muundo ambao wanafunzi huukosea, yaani kitenzi kisaidizi kabla ya kiima, na hakuna hata moja linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Sarufi na utamaduni, ambavyo wiki iliyotangulia nilivifundisha kama masomo mawili yaliyofungwa pamoja kwa kamba, hapa vilikuwa kitu kimoja: mwanafunzi asiyeweza kuunda "What do you think has caused it?" hawezi kumsikia mgonjwa, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Nilisoma nao pia yale ambayo Florence Nightingale aliyaandika katika karne ya 19 kuhusu maswali yenye jibu ndani yake. Anatoa mfano wa swali la kila asubuhi, kama mgonjwa amelala vizuri usiku. Mgonjwa mmoja atasema amelala vibaya kwa sababu hakulala saa kumi mfululizo, na mwingine atasema amelala vizuri ingawa aliamka mara nyingi, na muuguzi hatakuwa amejua lolote. Aulizwe idadi ya saa na nyakati za usiku alizolala, anasema. Wanafunzi walishangaa kwamba muuguzi wa zamani vile alikuwa akipambana na swali lilelile la wiki ya pili.

Jambo moja dogo lilichukua kipindi kizima, nalo ni ukimya. Wanafunzi walikuwa wakiuliza swali zuri, kisha, mgonjwa akichelewa kujibu, wakijijibia wenyewe au kuuliza swali jingine juu ya la kwanza. Wakati mwingine ilikuwa ni hofu ya Kiingereza, kwamba pengine swali halikueleweka. Tuliwapa kanuni ya kuhesabu kimoyomoyo hadi tano. Katika rekodi za wiki ya saba, majibu yenye maana yalikuja mengi baada ya tatu.

Wiki ya 8

Neno "pole". Mgonjwa kaangusha glasi, mwanafunzi kasema "sorry"; mgonjwa kaeleza kuwa amefiwa, mwanafunzi kasema "sorry"; mgonjwa kapanda kitandani kwa shida, "sorry" tena. Kwa anayesikia Kiswahili nyuma ya neno hilo, muuguzi ni mtu mwenye huruma. Kwa asiyesikia, ni mtu anayeomba radhi mfululizo, na mgonjwa mwenye wasiwasi anaweza kuanza kujiuliza ni kosa gani limefanyika. Hakuna neno moja la Kiingereza linaloibeba "pole" yote, na sikutaka waiache, kwa sababu tabia iliyomo ndani yake ni ya thamani. Tuligawa kazi yake kwa sentensi kadhaa: "Take your time" kwa anayepata shida ya kusogea, "That must be very hard" kwa mwenye msiba, "Don't worry about the glass" kwa aliyeangusha. Kila mwanafunzi aliongeza zake, na orodha imebandikwa ukutani.

Maagizo yalikuwa na tatizo kama hilo. Sisi hulainisha agizo kwa "naomba" na kwa kumwita mtu kwa jina la heshima au la ukoo. Kiingereza hulainisha kwa "could" na "would" na kwa kutoa sababu. Mwanafunzi asiyejua hayo husema ama "Lie down", ambalo kwa mgonjwa ni ukali, ama "I request you to lie down", ambalo linasikika kama barua ya ofisi. Kuhusu majina, tulikubaliana kwamba mgonjwa aulizwe anapenda aitweje. Vijina vya kubembeleza ambavyo baadhi ya wanafunzi walivisikia kwenye filamu na kudhani ni upole, kama "dear" na "sweetie", tumeviondoa, maana wazee wengi huona wanafanywa watoto.

Wiki ya 9

Ukalimani. Wanafunzi walidhani kuwa mtu anayejua lugha mbili tayari ni mkalimani, na hata mimi nimewahi kutumia mtoto wa mgonjwa kwa kukosa mwingine. Niliwaeleza kisa cha Florida cha mwaka 1980, kinachojulikana sana katika mafunzo ya ukalimani wa hospitali. Kijana wa miaka 18 alifikishwa akiwa hana fahamu, na familia yake, iliyozungumza Kihispania, ikatumia neno "intoxicado", wakimaanisha kwamba amedhuriwa na kitu alichokula. Wahudumu walisikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, lenye maana ya kulewa, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Alikuwa akivuja damu ubongoni. Alipooza mikono na miguu yote, na kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya fidia iliyokadiriwa kufikia dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Hakuna aliyemwita mkalimani, kwa sababu kila mmoja aliamini ameelewa.

Hicho ndicho tulichokazia: hatari kubwa si pale usipoelewa, kwa kuwa hapo utauliza. Neno la Kiingereza "once", yaani mara moja, likiandikwa kwenye lebo ya dawa, kwa msomaji wa Kihispania linaonekana kama namba 11. Kinga yetu ni njia ya kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakavyotumia dawa, na lugha yake inahitaji uangalifu, kwani "Do you understand?" huvuna "yes" kutoka kwa kila mtu mwenye adabu. Sentensi tuliyoichagua inaweka mzigo kwa muuguzi: nataka kuhakikisha nimeeleza vizuri, tafadhali niambie utaitumiaje. Tuliirudia kwa Kiingereza hadi ikatoka bila kufikiri.

Wiki ya 10 na ya 11

Makabidhiano ya zamu. Tulitumia mpangilio wa SBAR: hali iliyopo, historia yake, tathmini, pendekezo. Ulianzia kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani kabla ya kuletwa hospitalini kupitia Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya la Marekani, na unawafaa wanaojifunza lugha kwa sababu unawapa njia ya kupita wakati akili imejaa hofu. Sehemu tatu za kwanza walizimudu katika siku mbili.

Ya nne ilikwama. Mwanafunzi mwenye Kiingereza bora kuliko wote alieleza kwa ufasaha kwamba presha ya mgonjwa inashuka na mapigo yanapanda, kisha akanyamaza akimngoja "daktari" atambue mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini hakupendekeza kitu, alisema kwamba kumwambia mkubwa la kufanya ni utovu wa adabu. Hakukosa maneno. Alikuwa na maadili aliyolelewa nayo, na sikuona haki ya kuyadharau. Mkufunzi alimwuliza tu: na mgonjwa, mkubwa wake ni nani? Mjadala uliendelea baada ya muda wa kipindi kwisha.

Tuliamua kuwapa ngazi ya sentensi tatu zinazotumika katika mafunzo ya usalama wa wagonjwa, zikianza na "I am concerned", kisha "I am uncomfortable", kisha kusema wazi kwamba hili ni suala la usalama, na tukawafanyisha mazoezi ya kupanda kutoka ya kwanza hadi ya tatu bila kuinua sauti. Tuliwaruhusu pia kutanguliza heshima kwa namna yao, mradi pendekezo lifike mwisho wa sentensi. Huu ndio upande wa somo ninaoamini hatujaufundisha vya kutosha, kwa kuwa tulizoea kudhani kwamba tamaduni zinazokutana ni ya mgonjwa na ya muuguzi tu, ilhali muuguzi na daktari, kijana na mzee, mwenyeji na mgeni wa zamu, nao hukutana kila saa.

Wiki ya 12

Wanafunzi walikuwa mazoezini. Mmoja alileta taarifa ninayoiandika kwa idhini yake, bila jina la mtu wala mahali. Alimhudumia mgonjwa mgeni ambaye Kiingereza kwake kilikuwa lugha ya tatu, aliyekuwa akikataa kufungwa dripu, na kwenye faili alikuwa ameandikwa kuwa ni mkaidi. Mwanafunzi aliuliza lile swali la kuogopa nini zaidi, akahesabu hadi tano, akaendelea kungoja. Mgonjwa alisema kwamba ndugu yake alifungiwa dripu usiku na asubuhi hakuwa hai, na akauliza ndani ya ule mfuko kuna nini. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Alielezwa, akaona maandishi kwenye mfuko, akanyoosha mkono. Mwanafunzi alikiri kwamba sentensi zake zilikuwa na makosa ya nyakati za vitenzi karibu zote.

Wiki ya 13

Taarifa hiyo ilitulazimisha kuamua jinsi ya kupima. Mimi nilitaka alama za sarufi zibaki kama zilivyo. Mkufunzi alisema mtihani unaomfelisha mwanafunzi yule na kumpasisha yule wa wiki ya tano hauna kazi kwake. Nilikubali kwamba yuko sahihi. Hata mtihani wa OET, yaani mtihani wa Kiingereza kwa wahudumu wa afya, ambao wauguzi wengi huufanya kabla ya kusajiliwa ughaibuni, tangu mwaka 2018 hupima katika sehemu ya kuzungumza vigezo vya mawasiliano ya kitabibu, kikiwamo kuelewa na kuzingatia mtazamo wa mgonjwa, pamoja na vile vya lugha.

Kanuni tuliyoifikia ni kuuliza, kwa kila kosa, kama lingebadilisha huduma. Kosa la wakati uliopita katika "he fall yesterday" linapunguza alama kidogo. "He" badala ya "she" katika taarifa ya wagonjwa wawili linapunguza nyingi. Swali lililobeba jibu ndani yake linapunguza nyingi pia, hata likiwa na sarufi kamili. Tumeliandika jedwali la vigezo pamoja na wanafunzi, na wao ndio waliosisitiza kwamba kutotaja pendekezo kwa daktari kuhesabiwe kuwa kosa kubwa.

Wiki ya 14

Rekodi za mwisho zimefanywa kwa kisa kilekile cha wiki ya pili ili tuweze kulinganisha. Swali la kukanusha kuhusu kula kabla ya upasuaji halikutokea hata mara moja. Saa zote zilitajwa kwa tarakimu nne. "Leg" na "foot" bado vinachanganywa na wachache, nao wameanza kuonyesha kwa kidole wanapotaja, jambo ambalo mkufunzi anaona linatosha kwa sasa. "He" na "she" hazijapona; wiki 14 hazikutosha, na nimependekeza kwamba katika mzunguko ujao taarifa zote zitaje namba ya kitanda na jina la mgonjwa katika kila sentensi, ili kiwakilishi kikikosewa kisiwe na mtu wa kumdhuru. Nimependekeza pia maigizo ya kuzungumza na mkubwa yaanze wiki ya tatu badala ya ya kumi, na siku mbili za wodini ziwe lazima kwa mwalimu yeyote wa lugha atakayepewa darasa hili.

Mwanafunzi wa wiki ya kumi, yule aliyenyamaza, alikuwa wa mwisho kurekodiwa. Alieleza hali, akaeleza historia, akatoa tathmini, akasita. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilipofika nne alisema, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote, "Doctor, I am concerned about her, and I would like you to come and see her now."